Hodi Hujibiwa na Mwenye Nyumba

Shemeji yangu Fidelis ndiye aliyesema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wakinong'ona. Tulikuwa kilabuni, msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, watu wameshachangamka, naye akanyanyua kikombe na kutangaza: "Ezekia atafika Amerika, sikatai. Lakini atarudi kabla mianzi hii haijagemwa tena. Mtu aliyefukuzwa na bata wa padri hadi akapanda juu ya ukuta, Wamarekani watampa alinde nini?"

Kilabu kizima kilicheka. Na mimi nilicheka, maana kisa cha bata kilikuwa cha kweli.

Wengine walisema Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu. Wengine walisema kidato cha nne nilikipita kwa kusukumwa. Nawaandikia haya, vijana wa Njombe na kwingineko, nikiwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, na nyuma yangu sebuleni, ndani ya fremu yenye kioo, imetundikwa stashahada ya mambo ya usalama niliyoisomea chuoni Maryland, jioni baada ya kazi. Anayetaka kuisoma aje. Wengi wamekuja. Fidelis aliisoma akiwa amesimama, akasema, "Kumbe kuna stashahada ya kufungua mlango." Nikamjibu, "Ipo, shemeji, na ya kwako iko wapi?"

Ila niseme ukweli wote. Watu walionicheka ndio hao hao walioniazima vitu vya safari. Fidelis aliniazima sanduku lake. "Nakupa kwa moyo mweupe," alisema, "kwa sababu najua litarudi upesi." Jirani yetu Mama Tulizo aliniazima chupa yake ya chai, ile nzuri ya wageni. Na Mzee Mlowe, bwana misitu mstaafu, mtu wa maneno machache, alivua koti lake la sufu, zito, rangi ya majani makavu, akaniwekea mabegani. "Mimi sijui kama utaweza," alisema. "Ninachojua ni kwamba kule kuna baridi."

Mama yangu alikuwa akitazama. Aliponifungia chakula cha njiani akanikumbusha jambo ambalo kila mtoto wa kwetu amelisikia: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa bakuli la maharage, lirudishe hata na hindi moja ndani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Basi tuje kwenye kazi.

Nililinda mlango mkuu wa shule moja ya sekondari upande wa Oxon Hill, huko huko Maryland, mahali ambapo ndege hufuata mto Potomac zikienda kutua ng'ambo. Jina la shule silitaji. Sikubeba bunduki, wala sikutaka. Nilibeba redio ya mkononi, funguo na chupa ya chai ya Mama Tulizo. Mkubwa wangu alikuwa Bi Loretta, mwanamke mweusi wa pale pale, mrefu, aliyesoma katika shule hiyo hiyo alipokuwa binti. Yeye ndiye chuo changu cha kwanza, hata kabla ya kile cha stashahada.

Asubuhi yangu ya kwanza aliniuliza, "Mtoto akija mlangoni unatazama nini kwanza?"

"Uso," nikasema, nikidhani nimejibu vizuri.

"Mikono. Uso wa mtoto una hadithi nyingi, mikono ina moja tu. Halafu jinsi alivyobeba begi. Kisha uso, na hapo unamwita jina lake."

"Watoto wote hawa?"

"Wote. Mtoto anayejua kwamba unamjua jina ni vigumu sana kukuletea balaa mlangoni pako."

Sijisifu bure, lakini kwenye majina sikupata mpinzani. Kabla ya Krismasi nilikuwa nawajua wote, na wengine nawajua mpaka bibi zao. Shida yangu ilikuwa salamu. Ninyi mnajua salamu zetu. Huwezi kumsalimia mtu ukamwacha hapo hapo. Unauliza alivyoamka, nyumbani, wadogo zake. Mmarekani anasema "hai" huku ameshapita. Mimi nikawa nawashika watoto mmoja mmoja, foleni ikafika barabarani, mabasi yakaanza kupiga honi. Bi Loretta akatoka ofisini mbio. "Mista Zeki! Hii ni foleni ya shule, si mazishi!"

Dereva mmoja wa basi la shule, Mkenya aitwaye Otieno, alishusha kioo akaongeza chumvi. "Buda, na hiyo coat uliachiwa na mkoloni ama wewe ndo ulimwibia?"

"Nimeazimwa."

"Basi rudisha, majamaa wa makumbusho wanaihitaji!"

Nilijifunza kufupisha salamu bila kuiua. Na salamu ndiyo iliyonionyesha siri ya kazi ile. Kulikuwa na kijana anaitwa Andre, mrefu kama mlingoti, mpiga tromboni, lile tarumbeta refu la kuvuta, katika bendi ya shule. Kila asubuhi tuligongana ngumi. Asubuhi moja akapita kichwa chini, amelikumbatia begi kifuani kwa mikono miwili. Kwa mafunzo yetu, hiyo ni dalili ya hatari. Mlinzi mwingine angepiga redio. Mimi nilimwita pembeni. "Andre, nyumbani kwema?"

Akafungua begi mwenyewe. Ndani mlikuwa na nguo za mama yake. Mama alikuwa amelazwa, na kijana alikuwa amelala kwenye kiti cha hospitali na kuja shule moja kwa moja bila kula. Nilimmiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya Mama Tulizo, akanywa amesimama, akaomba tena. Tangu siku ile ikawa desturi yake. Vijana, shikeni hili hata kama hamtalinda mlango maishani: tulitafuta silaha kwenye mabegi, na tulifanya vyema kutafuta, lakini mara nyingi mno tulichokikuta humo ni njaa.

Sasa niwaeleze kosa langu, lile lililonifanya maarufu.

Kule watoto hufanya mazoezi ya kujificha, kama sisi tulivyofanya mazoezi ya gwaride. Tangazo likitoka, mwalimu anafunga mlango kwa ufunguo, anazima taa, na watoto wanakaa sakafuni kwenye kona isiyoonekana kutoka kwenye kioo cha mlango. Kimya kabisa. Sisi walinzi tunapita koridoni tukijaribu kila kitasa, kama angefanya mtu mwenye bunduki. Mlango ukifunguka, darasa hilo limefeli.

Siku ya zoezi langu la kwanza nilijaribu vitasa vyote vizuri, mpaka nikafika darasa la watoto wageni wanaojifunza Kiingereza. Hapo mkono ukakataa. Jamani, nimelelewa. Kioo kimezibwa, najua ndani kuna watu, na mimi nishike kitasa chao kama mwizi? Kabla sijajizuia nikasikia sauti yangu mwenyewe:

"Hodi!"

Kutoka gizani, sauti ya binti ikaitikia papo hapo, kwa furaha ya mtu aliyepotea akasikia lugha ya nyumbani: "Karibu!"

Na mlango ukafunguka.

Alisimama pale binti mwembamba, anatabasamu, hana habari. Nyuma yake darasa zima lilikuwa limejikunyata kwenye kona, na mwalimu wao ameshika kichwa. Alikuwa Sifa, Mkongo, familia yake imetoka Bukavu, hajamaliza hata mwezi shuleni.

Bi Loretta alifika, akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Umemwambia neno gani?"

Nikamweleza hodi. Nikamweleza kwamba kwetu mtu akibisha mara tatu bila kujibiwa, anageuka na kwenda zake, na kwamba kuwa ndani ya nyumba na kutoitikia hodi ni ukosefu mkubwa wa adabu. Nilidhani atanifukuza. Akasema polepole, "Kwenu mnawafundisha watoto kufungua. Sisi hapa tunawafundisha kutofungua. Na bado wewe ndiye uliyevuka bahari kuja kwetu." Akatikisa kichwa. "Rudieni zoezi."

Baadaye nilimkalisha Sifa tukawekeana mkataba. "Siku ya kujificha," nilimwambia, "hata nikipiga hodi mpaka koo likauke, usiitikie. Hasa mimi. Mtu mbaya anaweza kuwa amesimama nyuma yangu."

"Na kama ni wewe kweli, tonton?" Wakongo humwita mjomba tonton, kwa Kifaransa chao.

"Mimi nina ufunguo."

Akafikiri. "Na siku zingine?"

"Siku zingine hodi ni hodi."

Basi kila asubuhi Sifa akawa anasimama mbele ya mlango mkuu na kupaza, "Hodi!" nami naitikia, "Karibu!" Andre alisikia, akauliza maana yake. Wakawa marafiki hapo hapo, yeye anamrekebisha Kiingereza, Sifa anamfundisha Kiswahili cha kwao. Kijana akaanza kuingia shule na kasha la tromboni begani akinguruma "Hooodi!" kama simba. Bendi nzima ikaiga, kisha timu ya mpira wa kikapu. Ikafika mahali watoto wa Oxon Hill ambao hawajui Afrika iko upande gani walikuwa hawavuki mlango wangu bila kubisha. Nani mwingine aliyetoka kilabu kile cha ulanzi amefundisha shule nzima ya Wamarekani adabu za Njombe? Mtajeni.

Linalofuata sitalirefusha.

Alasiri moja Andre aliomba ruhusa kutoka mapema ili akamchukue mdogo wake wa shule ya msingi. Nilimfungulia mimi mwenyewe. Kituo cha basi kilikuwa nje kidogo ya uzio wetu, mahali pasipo taa wala mtu. Watu wazima wawili waliokuwa kwenye magari walikuwa na ugomvi wao. Risasi haikuwa yake. Ilimpata yeye.

Tulisikia mlio, na tangazo likatoka, na safari hii halikuwa zoezi. Bi Loretta na mimi tukapita koridoni tukihakikisha vitasa, kila mmoja upande wake. Viatu vyangu vilikuwa na mlio unaojulikana shule nzima. Nilipofika darasa la Sifa, kitasa kilikuwa kimefungwa sawasawa. Nilisikia pumzi nyuma ya ubao wa mlango, karibu sana. Alijua ni mimi, nami nilijua ni yeye. Nilikuwa nimeshaambiwa kwenye redio ni nani aliyelala kituoni. Niliweka kiganja mlangoni, nikanyamaza, naye akanyamaza kama tulivyokubaliana, nikaenda kwenye mlango unaofuata.

Baada ya mazishi wanafunzi waliamua kuandamana. Saa ya somo la tatu watainuka, watatoka nje kimya, watasimama kando ya barabara mbele ya kituo kile. Walidai taa pale kituoni na mtu mzima wa kusimama nao jioni. Walidai pia viongozi waache kulia mbele ya kamera na wafanye kitu kuhusu bunduki. Aliyechaguliwa kutangulia mbele ni Sifa, kwa sababu alikuwa rafiki wa Andre, na kwa sababu alipoulizwa kama anaogopa alisema ndiyo, wakati wengine wote walisema hapana.

Mkuu wa shule alituita walinzi. Hatutawashika watoto kwa nguvu, alisema. Watakaotoka wataandikwa watoro. Lakini mtoto ambaye mzazi wake amekataa, huyo azuiwe mlangoni apelekwe ofisini. Mlango mkuu atasimama Mista Zeki, maana watoto wanamheshimu. Nilifurahi kusifiwa, nisiwafiche.

Jumapili yake, baada ya kanisa, mama yake Sifa alinikuta kwenye maegesho ya magari. Tuliishi majengo yanayotazamana. Alikuwa amevaa sare ya kazini, anaelekea kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuwauguza.

"Papa Ezekia, minaomba kitu kimoya," alisema. "Ile mambo ya batoto kutoka inje. Sifa asitoke."

"Mama Sifa, ni matembezi ya amani. Watasimama tu."

"Na mudogo yangu alisimama tu." Akashika mkono wa mlango wa gari langu kana kwamba nitamkimbia. "Kule Bukavu. Alitoka na benzake ba chuo, babebe mabango. Asubuhi alikunywa chai kwangu. Basoda banakuja na bunduki. Benzake banarudi, yeye hakurudi. Mi njo nilimuchagulia shati ya kuvaa, Papa." Akapumua. "Nilikimbia masasi kule, nikaileta mutoto huku. Sasa aende kusimama pa njia? Akifika kwa mulango yako, usimufungulie. Uniahidi."

Hapo ndipo sifa zangu ziliponiponza. Ningeweza kusema tutaona. Lakini mimi ni Ezekia, mwenye stashahada, mlango ni wangu. Nikapiga kifua: "Mama, mlango wangu hautamtoa. Lala usingizi."

Akanishukuru mpaka nikaona haya.

Siku ikafika. Baridi ilikuwa kali, bendera inapiga makofi kwenye mlingoti. Saa ya somo la tatu nikasikia viti vikisogezwa juu, chini, kila upande, kisha miguu. Hakuna kelele. Walikuja koridoni wakijaza upana wote, kila mmoja na utepe wa rangi ya chungwa kifuani, rangi ya wanaopinga mauaji ya bunduki kule. Mbele yao Sifa, amevaa sweta jepesi, maana makoti yalikuwa yamefungiwa kwenye makabati na hawakutaka kuchelewa. Mkononi alikuwa na mdomo wa tromboni ya Andre, ule wa chuma unaowekwa kinywani. Mama yake Andre ndiye aliyempa.

Nilikuwa nimesimama katikati ya mlango, nimevaa koti la Mzee Mlowe. Sifa akasimama mbele yangu. Alijua nilichoahidi, mama yake alikuwa amemwambia. Angeweza kupita ubavuni. Mlango mmoja, mtu mmoja, watoto wote wale. Hakupita.

"Hodi, tonton," akasema.

Nilinyamaza.

Nyuma watoto walitulia. Niliona mikono yao kwanza, kama nilivyofundishwa. Mitupu yote.

"Hodi."

Nikatazama sakafu. Vijana, mimi sijawahi kukosa neno, muulizeni Fidelis. Siku hiyo nilikosa. Nikiitikia, nimemsaliti mama aliyeniamini. Nisipoitikia, binti huyu aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi atabisha mara ya tatu, kisha atageuka na kurudi, mbele ya wote, na hatabisha tena kwa mtu yeyote.

Ndipo mtoto mmoja wa bendi, nyuma kabisa, akasema kwa sauti nzito ya kuigiza, ile ya Andre: "Hooodi." Mwingine akafuata. Wakawa wote wanasema, si kwa kelele, kwa kunong'ona kama mvua inayoanza kwenye bati. Watoto wa Wamarekani, na watoto wa El Salvador, na wa Ethiopia, na wa Nigeria. Hodi. Hodi.

Na hapo nikakumbuka jambo ambalo mtoto wa miaka mitano kwetu analijua. Hodi hujibiwa na mwenye nyumba. Bawabu hana karibu ya kumpa mtu. Bawabu anaenda kuita wenyewe. Nilikuwa nimepiga kifua juu ya jambo lisilo langu.

Nikatoa simu, nikampigia mama yake. Akapokea mara moja, kama mtu aliyekuwa ameishika.

"Mama Sifa, sijavunja ahadi. Mwanao yuko mbele yangu na mlango umefungwa. Anabisha hodi. Mimi siwezi kumjibu, mimi si mzazi wake. Mjibu wewe."

Nikaiinua simu juu kuelekea koridoni. Sijui aliwaza nini akiusikia ule mnong'ono. Nikairudisha sikioni.

"Beko bengi?" akauliza.

"Wengi sana."

"Bote banasema hodi?"

"Wote. Aliwafundisha yule kijana aliyekufa."

Nilisikia kengele ya mgonjwa ikilia huko kwake, na mtu akimwita. Hakwenda.

"Papa, utatembea naye?"

"Hatua kwa hatua."

"Simu usikate." Akavuta pumzi. "Mwambie karibu. Lakini kuko baridi. Avae koti."

Nikavua koti la Mzee Mlowe nikamvika. Lilimfika magotini. "Mama amesema karibu," nikamwambia, nikafungua milango yote miwili.

Mwenzake mmoja alimbandika utepe kwenye ukosi wa koti wakiwa wanatembea. Nilishika upande wa barabara, katikati ya watoto na magari, natetemeka kwa shati, simu kifuani ikiwa wazi. Bi Loretta alitoka akashika upande wa pili bila kuulizwa na mtu. Walisimama mbele ya kituo kile. Sifa alisema jina la Andre mara moja, kwa Kiingereza chake alichofundishwa na Andre, na hapakuwa na hotuba nyingine. Mwanamume mmoja alipunguza mwendo akapiga kelele kutoka garini, "Rudini mkasome!" Nyuma yake kulikuwa na basi la Otieno, tupu. Otieno alipiga honi moja ndefu mpaka gari lile likaondoka, kisha akavua kofia.

Walipomaliza kuingia ndani, niliiweka simu sikioni.

"Banarudi bote?" mama aliuliza.

"Wote."

"Na wangu?"

"Huyu hapa, ndani ya koti."

Sikusikia maneno tena, nilisikia kulia, nikamwachia simu binti yake.

Sifa aliandikwa mtoro siku hiyo na hakujuta. Sheria za bunduki hazikubadilika kwa matembezi yale, nisiwadanganye. Lakini taa ziliwekwa kituoni, na jioni akawekwa mtu mzima wa kusimama na watoto mpaka basi la mwisho. Nadhani mnaweza kukisia ni mtu gani, amevaa koti gani, na chupa ya chai ya nani mkononi. Nilisimama pale mpaka nilipostaafu. Utepe ulibaki kwenye ukosi. Sifa aliponirudishia koti aliniambia, "Usiutoe, tonton," nami sikuutoa.

Sasa nimerudi, na nimelipa wote. Sanduku la Fidelis lilirudi limejaa mpaka zipu ikalalamika: mashati, viatu vya watoto wake, na juu kabisa bata wa kuchezea wa mpira, wa njano. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema mbele ya mke wake, "Shemeji, nilikosea." Nimemwomba arudie maneno hayo kilabuni, bado anajifikiria. Chupa ya Mama Tulizo niliirudisha na nyingine mpya pembeni yake, zote mbili zimejaa chai ya tangawizi.

Mzee Mlowe nilimwacha wa mwisho. Nilifika kwake asubuhi, ukungu haujapanda.

"Hodi!"

"Karibu!" Mjukuu wake mdogo aliitikia kabla sijamaliza, akafungua mlango wazi kabisa bila kuchungulia wala kuuliza ni nani. Macho yangu yaliteremka yenyewe kwenye mikono yake. Alikuwa ameshika kiazi cha kuchemsha. Ilibidi nisimame kidogo kizingitini kabla sijaweza kuingia.

"Kamwene, Ezekia," mzee alinisalimia kikwetu kutoka kwenye kiti chake. "Kumbe uliweza."

Nilimvika koti mwenyewe. Alipapasa mikono, vifungo, mfuko, kisha vidole vyake vikafika kwenye ukosi, kwenye utepe ambao rangi yake ilikuwa imeanza kufifia. "Hiki sikukupa."

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi, ila kwake sikujisifu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Aliitwa nani, huyo kijana?"

"Andre."

"Andrea," akasema, kama tunavyoliita jina hilo sisi. Akaufunga ukosi mpaka shingoni, utepe ukakaa mbele. "Basi koti halikurudi tupu. Andrea nitampeleka kanisani Jumapili, na watakaouliza nitawaambia."